Makumbusho ya Berlin kwa mwanafunzi kutoka nyumbani: maswali ninayoulizwa kila Oktoba

Kila Oktoba, muhula wa baridi ukianza, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zangu waliotua Berlin na masanduku mawili na koti lisiloweza baridi. Wakishapata chumba na akaunti ya benki, swali linalofuata ni la wikendi: twende wapi? Nimejibu kwa sauti, kwa maandishi, na mara nyingine nikiwa nakimbilia treni. Sasa nimeyaweka majibu mahali pamoja. Mimi ni mtu wa Lindi, Tanzania, huu ni mwaka wangu wa nne hapa. Si mtaalamu wa historia. Ni mtembeaji tu mwenye kitambulisho cha mwanafunzi.

Nimekuja kusoma uhandisi. Makumbusho yananihusu nini?

Ngoja Januari ifike. Saa kumi jioni giza linaanza kuingia, chumba chako kina ukubwa wa kitanda na meza, na ukikaa mgahawani lazima ununue kitu. Makumbusho yana joto, yana viti, na hakuna anayekuuliza umekaa muda gani. Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka mimi mara ya kwanza, sitaki kujifanya nilikuwa na kiu ya elimu. Nyingine zilikuja baadaye.

Nianze na yapi?

Museum für Naturkunde, barabara ya Invalidenstraße. Panda U6, treni ya chini ya ardhi, ushuke kituo chenye jina la makumbusho yenyewe. Kila mtu atakwambia uanze na Kisiwa cha Makumbusho. Mimi nakwambia uanze na mtu wa kwenu.

Ukiingia tu, ukumbi wa kwanza, amesimama mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyetoka kilima cha mkoani Lindi. Urefu wake kutoka sakafuni hadi kichwani ni mita 13.27, na hakuna mifupa halisi ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomfikia kwa kimo. Zamani wataalamu walimwita Brachiosaurus, siku hizi jina lake ni Giraffatitan, yaani twiga jitu, na ukimwangalia shingo utaona hawakukosea. Pembeni yake wapo wenzake waliochimbwa kulekule: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus. Ukumbi ule, kwa lugha ya nyumbani, ni Lindi iliyohamishwa.

Walichimbwa kati ya 1909 na 1913, nchi ikiwa koloni la Wajerumani. Mwaka 1909 Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha juzi tu na kusini yote ilikuwa imetoka kwenye njaa. Wanasayansi waliosimamia ni Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Lakini jembe, sululu na kichwa vilikuwa vya watu wetu, mamia kwa mamia. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilifungwa mizigo mizigo na kubebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Likumbuke jina hilo ukiwa mle ndani, maana macho ya wote yako juu kwenye fuvu na hakuna anayefikiria mikono.

Nikiri jambo la aibu kidogo. Nimekulia mkoa huohuo na sijawahi kufika Tendaguru. Mjusi wa kwetu nimemwona kwanza Ujerumani, kwa tiketi.

Usiondoke bila kupita ukumbi wa samaki waliohifadhiwa kwenye spiriti, mitungi kwa maelfu kwenye jengo la kioo ndani ya jengo. Upande ule wa jumba ulibomolewa kwa mabomu mwaka 1945 na haukujengwa upya hadi 2010.

Itanigharimu kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyoogopa. Neno la kukariri ni *ermäßigt*, yaani bei ya punguzo. Ukionyesha kitambulisho cha mwanafunzi, makumbusho mengi unalipa takriban nusu. Usisubiri uulizwe, sema mwenyewe dirishani, kitambulisho kiko mkononi. Bei zenyewe hupanda, kwa hiyo ziangalie kwenye tovuti ya makumbusho husika siku unayokwenda.

Ipo pasi ya siku 3 mfululizo inayoingia makumbusho zaidi ya 30. Mgeni wa wikendi inamfaa. Wewe unayekaa miaka miwili haikufai, kwa sababu itakukimbiza. Mwenye kukaa anunue kadi ya mwaka ya makumbusho ya serikali, ile *Jahreskarte*. Ukiwa nayo unaweza kuingia kutazama sanamu moja tu na kutoka, na huo ndio utazamaji mtamu kuliko wote.

Kuna pia ya bure kabisa: Topographie des Terrors inayoeleza ukatili wa Wanazi, kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin kule Bernauer Straße, Tränenpalast, ukumbi wa zamani wa kuvukia mpaka wa Ujerumani Mashariki, kituo cha Friedrichstraße, na kituo cha maelezo chini ya mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi. Zamani Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho mengi yalikuwa bure. Mpango huo ulikatwa mwishoni mwa 2024, kwa hiyo kaka aliyerudi nyumbani akikwambia "subiri Jumapili ya kwanza," mshukuru na umweleze mambo yamebadilika.

Siku gani nzuri?

Jumatatu mengi yamefungwa. Humboldt Forum ndiyo inafunga Jumanne. Nenda katikati ya wiki asubuhi, kabla ya misafara ya shule. Na tafadhali, saa: wakiandika 10–18 maana yake ni saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Unacheka, lakini nina rafiki kutoka Mombasa aliyesimama nje ya mlango uliofungwa akisisitiza kwamba kwenye simu wameandika saa kumi.

Kwa nini walinizuia mlangoni na begi?

Kwa sababu begi la mgongoni, ukigeuka ghafla, linaweza kuangusha kitu cha miaka elfu tatu. Mabegi makubwa na makoti mazito huachwa *Garderobe*, au kwenye vikabati vya kufungia vinavyoitwa *Schließfach*. Vikabati vingi vinataka sarafu ya euro 1 au 2, ambayo unarudishiwa ukifungua. Tembea na sarafu moja ya akiba kwenye mfuko wa koti isiyotumika kwa kitu kingine. Yangu imekaa mfukoni tangu mwaka wa kwanza. Siku moja njaa iliniuma kweli nikaitazama, nikairudisha.

Kijerumani changu ni cha "Guten Tag" tu. Nitaelewa?

Maelezo mengi yako kwa Kijerumani na Kiingereza. Ushauri wangu usome Kijerumani kwanza, hata kama unaambulia maneno matatu. Kibao cha maelezo kina sentensi nne fupi na kitu chenyewe kiko mbele yako, kwa hiyo neno linashika. *Dauerausstellung* ni maonyesho ya kudumu, *Sonderausstellung* ni ya muda na mara nyingi hulipiwa zaidi. Na usijione mgeni kabisa wa lugha hii. *Shule* tumeichukua kwao, na *hela* ni *Heller*, sarafu waliyotuletea enzi za ukoloni. Wao waliondoka, hela ikabaki, ingawa mwisho wa mwezi haibaki.

Kisiwa cha Makumbusho kinamalizika siku moja?

Miguu itaweza, kichwa hakitaweza. Ni makumbusho matano kwenye kisiwa cha mto Spree, na yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1999. Chagua moja kwa siku.

Kama ni moja tu, chagua Neues Museum. Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, yumo humo: sanamu ya kichwa iliyochimbwa Amarna, Misri, mwaka 1912 na Ludwig Borchardt. Chumba ni chake peke yake, mwanga hafifu, watu wananong'ona. Nilitarajia kuchoshwa, kama unavyochoshwa na kitu ulichokiona kwenye kila kalenda. Kisha nikaona jicho moja limepakwa na la pili ni tupu, nikasimama pale dakika ishirini. Wamisri wanamdai hadi leo. Jengo lenyewe pia litazame: lilipigwa vibaya vitani, likakaa gofu kwa miongo, na mchoraji majengo David Chipperfield alipolifufua, likafunguliwa 2009, aliacha makovu yaonekane.

Pergamonmuseum, ambayo kila kitabu cha utalii kinaisifia, imefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati. Sehemu yenye madhabahu ya Pergamon imepangwa kufunguliwa 2027. Upande wa Lango la Ishtar la Babeli utasubiri hadi 2037, na kufikia hapo wewe utakuwa na watoto.

Vitu vya kwetu viko wapi, na je, ni sawa kukasirika?

Viko Humboldt Forum, ng'ambo ya pili ya barabara kutoka makumbusho ya kisiwani, na vingi zaidi viko ghalani. Jumba lile ni kasri la wafalme wa Prussia lililojengwa upya. Kabla yake palikuwa na bunge la Ujerumani Mashariki, likabomolewa. Yaani walibomoa historia ya karibu wapate nafasi ya kujenga ya mbali, kisha ndani wakaweka vitu vya Afrika, Asia na Oceania. Maneno ni mengi juu ya jambo hilo na Wajerumani wenyewe ndio wanaoongoza kulalamika.

Kuhusu hasira: ni sawa kabisa. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine ni nyara za vita, ikiwemo ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Kibao cha maelezo hakikwambii kila mara ni kipi. Zoea kutafuta vitu viwili: mwaka na jina la aliyeleta. Ukikuta mwaka 1906 na cheo cha afisa wa jeshi, na mahali ni Songea au Kilwa, unajua hapakuwa na mnada. Baada ya wiki chache utasoma vibao kama karani anavyosoma risiti.

Mambo yanasogea lakini. Mwaka 2022 Ujerumani ilikubali kukabidhi Nigeria umiliki wa shaba za Benin, sanamu zilizoporwa kutoka ufalme wa zamani wa Benin. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea na kuomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Mwishoni mwa 2024 Humboldt Forum ilifungua maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Niliyatembelea na mwenzangu kutoka Peramiho. Alisimama muda mrefu mbele ya kifaa kimoja kisha akasema, "Babu alikuwa nacho hiki, sisi tulikuwa tunakitumia kuwekea funguo."

Nimesikia habari za mafuvu. Ni kweli?

Ni kweli, na hutayakuta kwenye maonyesho. Yako kwenye hifadhi. Taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali ya Berlin ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya watu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Mengi ni ya Rwanda, zaidi ya 900, takriban 200 ni ya Tanzania, na machache ni ya Kenya. Mwaka 2023 walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya marehemu na ndugu zao walio hai kule nyumbani. Wazee wa Old Moshi bado wanatafuta kichwa cha Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa 1954, nalo lilitokea Bremen.

Ukiulizwa darasani, na utaulizwa, hulazimiki kuwa msemaji wa bara zima. Mimi hujibu kwamba kwetu maiti huzikwa, na ninanyamaza.

Naruhusiwa kupiga picha?

Mara nyingi ndiyo, bila mwanga wa flashi. Nefertiti hapigwi kabisa.

Kuna cha kuona kinachotuhusu nje ya makumbusho?

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, na ni bure.

Panda tena U6 ileile iliyokupeleka kwa mjusi, uendelee kaskazini hadi Wedding, mtaa unaoitwa Afrikanisches Viertel. Utakutana na Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße, majina ya kikoloni yaliyowekwa kama mtu anavyohesabu ng'ombe wake. Barabara moja iliitwa Petersallee, na mtu aliyehusishwa nayo ni Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024 ilibadilishwa jina, na sehemu yake sasa ni Maji-Maji-Allee. Nilikwenda kupiga picha ya kibao nikaituma kwenye kundi la familia. Mjomba akajibu kwa neno moja: "Hatimaye."

Ukitaka nyingine nenda Neukölln. Iliyokuwa Wissmannstraße, kwa jina la aliyeongoza jeshi lililomnyonga Abushiri bin Salim kule Pangani mwaka 1889, tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu, binti wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia serikalini baada ya uhuru.

Wilhelmstraße, kwenye nyumba za ghorofa zisizo na mvuto, kuna bango la kumbukumbu. Jumba lililokuwa jirani na pale halipo tena, ila ndimo mlimofanyika mkutano wa 1884 hadi 1885 wa kugawana Afrika. Nilitegemea kujisikia vibaya. Nilichokiona ni baba akifungua tairi la baiskeli.

Kisha Brunnenstraße 193. Tazama chini. Kwenye mawe ya njia ya miguu limewekwa jiwe dogo la shaba, ukubwa wa kiganja, na juu yake jina la Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza, na akaja Berlin kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Hakuupata. Aliishi kwa kuhudumia hotelini, kuigiza vijisehemu kwenye filamu, na kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na mwanamke mweupe, na akafa kwenye kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Kambi hiyo sasa ni mahali pa kumbukumbu, Oranienburg, mwisho wa treni ya S1, kiingilio bure. Jiwe lile hupoteza rangi. Mara mbili kwa mwaka nakwenda na kitambaa na chokaa kidogo ya kusugulia shaba. Wapita njia wananipisha bila kuuliza.

Je, yapo makumbusho madogo ambayo watu hawayataji?

Museum Treptow. Mwaka 1896 palifanyika maonyesho ya makoloni kwenye bustani ya Treptow, na watu 106 kutoka Afrika na Oceania waliletwa ili watazamwe. Maonyesho ya humo yamegeuza kioo: yanakuonyesha wao walivyoishi, walivyogoma, na waliobaki hapa wakaoa na kufungua maduka. Picha zao nyingi ni za watu waliovaa suti zao na kukaza macho kwa mpiga picha. Ni vyumba vichache. Saa moja inatosha, lakini jipangie jioni tulivu baada yake.

Mlinzi ananifuata chumba hadi chumba. Nifanyeje?

Hutokea. Kuna makumbusho, sitayataja, ambako mzee mmoja wa ulinzi alinifuata vyumba vinne, huku watalii wengine wakiegemea vioo kwa viwiko. Chumba cha tano nikageuka, nikamsalimia vizuri, nikamuuliza chombo kile kilitengenezwa kwa udongo gani. Akababaika, kisha akaeleza, na akaeleza vizuri, dakika kumi. Dawa hii haifanyi kazi kila mara na si kazi yako kuwalea watu wazima. Ukidhalilishwa waziwazi, andika saa na chumba, upeleke malalamiko kwa maandishi. Huku barua inasikilizwa kuliko sauti ya juu.

Mama anakuja kunitembelea wiki moja. Nimpeleke wapi?

Wangu alikuja Mei iliyopita. Nefertiti alimpa dakika tatu, akasema binti ni mzuri ila amechoka. Kasri hakulitaka. Nikampeleka Invalidenstraße.

Alimkagua mjusi kuanzia miguuni, taratibu, mkono umeshika mtandio, mpaka shingo ilipomlazimu kukaa kwenye benchi ili aone kichwa. Mtoto wa Kijerumani pembeni alikuwa akihesabu pingili za mkia kwa sauti. Mama akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na hao waliomsomba mpaka Lindi bandarini, walilipwa ngapi?"

Nikainama kwenye kibao cha maelezo, nikaanza kusoma tena kutoka juu.